Kunakili Ramani za UV kati ya Meshi Zinazofanana katika Blender: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wasanii wa 3D ambao tayari wamekunjua meshi moja kwa uangalifu, yaani wameitandaza kwenye ubapa ili ivalishwe picha, na sasa wanataka kazi hiyo ihamie kwenye meshi nyingine inayofanana nayo bila kuirudia tangu mwanzo. Maelezo mengi yanahusu Blender, programu ya kutengenezea maumbo ya 3D, na sehemu fupi inagusa programu nyingine. Majina ya amri yameachwa kama yanavyoonekana kwenye kioo, ili msomaji ayapate kwenye menyu bila kubahatisha.

Ramani ya UV ni nini hasa, na data yake hukaa wapi ndani ya meshi?

Meshi ni mkusanyiko wa vipeo (nukta), kingo (mistari inayounganisha nukta hizo) na nyuso (vipande vinavyozungukwa na mistari hiyo). Ramani ya UV huieleza kompyuta kila sehemu ya nyuso hizo ichukue sehemu gani ya picha bapa, yaani tekscha. Edwin Catmull alilieleza wazo la kuvalisha picha juu ya umbo katika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1974, na msingi wake ndio tunaoutumia hadi leo.

Jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama ni mahali data hiyo inapokaa. Haikai kwenye kipeo, bali kwenye kona ya uso. Mchemraba una vipeo 8, kingo 12, nyuso 6 na kona 24, kwa kuwa kila uso una kona 4. Ukiukunjua kwa umbo la msalaba, unakata kingo 7 na kuziacha 5 zikiwa zimeungana, na vile vipeo 8 vinakuwa nukta 14 kwenye ubapa. Kipeo kilicho kwenye mshono, yaani ukingo uliokatwa, kinaweza kuwa na nukta mbili au tatu za UV kwa wakati mmoja, kila nukta ikitumikia kona zake. Tafadhali ushike ukweli huu, kwa sababu karibu kila tatizo linalofuata katika ukurasa huu linatokana nao.

Meshi mbili "zinafanana" kwa maana gani?

Hili ndilo swali la kwanza la kujiuliza, na ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi. Meshi mbili zinaweza kufanana kwa namna tatu, na kila namna ina njia yake ya kunakili.

Namna ya kwanza ni kufanana kwa nambari. Kila kipeo, kila uso na kila kona ya meshi ya pili ina nambari ileile iliyonayo katika meshi ya kwanza. Hali hii hutokea pale meshi ya pili ilipozaliwa kwa kunakiliwa kutoka kwa ya kwanza, kisha vipeo vyake vikasogezwa tu. Chukua gauni lililoundwa kwa ajili ya mhusika mmoja, likanakiliwa, likapanuliwa kiunoni na kufupishwa kwa brashi za uchongaji ili limkae mhusika mwingine. Umbo limebadilika sana, lakini nambari hazikuguswa.

Namna ya pili ni kufanana kwa muunganiko. Nyuso zimepakana vilevile, idadi ni ileile na kila uso una jirani zake walewale, ila nambari zimevurugika njiani. Huenda meshi ilipitia programu nyingine ikarudi, au vipande vilitenganishwa na kuunganishwa tena.

Namna ya tatu ni kufanana kwa umbo peke yake. Gauni mbili zinaonekana sawa kwa macho, zimekaa mahali pamoja angani, lakini moja ina nyuso elfu mbili za pembe nne na nyingine ina pembetatu elfu kumi. Hapa hakuna uso wa kwanza unaolingana na uso wa pili, na programu inalazimika kukisia kwa ukaribu.

Jicho la binadamu huvutwa na umbo, na kwa hiyo mtu huona gauni mbili za namna ya tatu kuwa pacha, ilhali gauni jembamba na gauni pana la namna ya kwanza huonekana kuwa vitu viwili tofauti. Kwa programu mambo ni kinyume kabisa. Anayepanga njia yake kwa kufuata macho atachagua njia dhaifu mahali ambapo palikuwa na njia kamilifu, na huo ni upotevu wa kazi unaoniuma kila ninapouona.

Nitajuaje meshi zangu ziko katika namna ipi?

Anza na hesabu. Katika Blender, washa "Statistics" kwenye menyu ya "Overlays", kisha linganisha idadi ya vipeo, kingo na nyuso za meshi zote mbili. Zikitofautiana hata kwa moja, uko katika namna ya tatu, au una meshi ya namna ya kwanza au ya pili iliyoharibika kidogo na inayoweza kurekebishwa.

Idadi zikilingana, usisherehekee bado. Ukizungusha ukingo mmoja kati ya pembetatu mbili, idadi ya vipeo, kingo, nyuso na kona haibadiliki, lakini muunganiko umebadilika. Ili kuona nambari zenyewe, fungua "Preferences", nenda sehemu ya "Interface" na uwashe "Developer Extras". Ukirudi kwenye hali ya kuhariri, menyu ya "Overlays" itakuwa na chaguo la "Indices". Chagua vipeo vichache kwenye meshi ya kwanza, kwa mfano ncha ya kola na kona ya pindo, kisha angalia kama vipeo vya mahali hapohapo kwenye meshi ya pili vina nambari hizohizo. Vipeo vitano au sita vilivyotawanyika vinatosha kukupa picha, kwa sababu nambari zikivurugika huwa zimevurugika kwa wingi.

Nambari zinalingana. Njia ya moja kwa moja ni ipi?

Ni amri ya "Copy UV Maps". Chagua kwanza meshi zinazopokea, hata kama ni kumi, kisha ushikilie Shift na uchague meshi inayotoa ili iwe ya mwisho na hivyo iwe amilifu. Fungua menyu ya "Object", ingia "Link/Transfer Data", kisha ubonyeze "Copy UV Maps". Kabla ya hapo hakikisha kwamba, kwenye meshi inayotoa, ramani unayoitaka ndiyo iliyochaguliwa katika orodha ya "UV Maps".

Matokeo ni kamili, kona kwa kona, bila kukisia wala kupoteza usahihi. Umbali kati ya meshi hizo haujalishi, wala ukubwa wake, wala umbo lake. Ukiwa katika hali hii, usitumie njia nyingine yoyote.

Amri ilikubali bila kulalamika, lakini picha imesambaratika kwenye meshi ya pili. Kuna nini?

Amri hiyo huangalia kama idadi ya kona inalingana. Haiangalii kama kona nambari 300 ya meshi ya kwanza iko mahali pamoja na kona nambari 300 ya meshi ya pili. Ni sawa na mwalimu anayegawa madaftari kwa kufuata nambari za orodha ya darasa bila kuangalia nani amekaa wapi. Orodha ikiwa imevurugika, kila mwanafunzi atapata daftari, ila si lake.

Yapo matendo kadhaa yanayovuruga nambari bila mtu kutambua. "Merge by Distance" ikiondoa hata kipeo kimoja, vinavyofuata hupewa nambari mpya. Kutenganisha sehemu ya meshi na kuiunganisha tena huipeleka sehemu hiyo mwisho wa orodha. Amri ya "Sort Elements" hupanga upya kwa makusudi. Kugeuza mwelekeo wa nyuso hubadilisha mfuatano wa kona ndani ya kila uso, na matokeo yake ni ya ajabu kidogo: kila uso unapata eneo lake sahihi kwenye picha, lakini eneo hilo limegeuzwa. Ukiona picha iko mahali pake kwa ujumla ila vipande vidogo vimepinduka, shuku mwelekeo wa nyuso kabla ya jambo jingine lolote.

Muunganiko ni uleule ila nambari zimevurugika. Je, nimepoteza usahihi?

Hapana. Tangu toleo la 3.4 lililotoka Desemba 2022, kihariri cha UV cha Blender kina amri za kunakili na kubandika ramani zinazofuata muunganiko wa nyuso badala ya nambari. Unachagua visiwa vya UV, yaani vipande vya nyuso zilizobaki zimeungana kwenye ubapa, kwenye meshi ya kwanza, unavinakili kutoka kwenye menyu ya "UV", unahamia meshi ya pili, unachagua nyuso zake na kubandika. Programu hutafuta namna ya kuoanisha nyuso zinazopakana kwa mpangilio mmoja, hata kama zimo katika meshi tofauti.

Njia hii ina mpaka mmoja ambao ni lazima uujue. Kipande chenye ulinganifu, kwa mfano mkono wa gauni ambao ni bomba tupu, kinaweza kuoanishwa kwa namna nyingi zote zikiwa sahihi kimuunganiko. Bomba lenye safu nane za nyuso kuzunguka linaweza kuanzia safu yoyote kati ya hizo, na programu haina sababu ya kuipendelea moja. Meshi ya pili ikishakuwa na mishono iliyowekwa na kukunjuliwa mahali palepale, hata kama ukunjuzi wenyewe ni wa haraka na mbaya, visiwa hukatika sawasawa na nafasi ya kuoanisha vibaya hupungua.

Nyongeza ya Magic UV hulitatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Katika kipengele chake cha kuhamisha ramani, unachagua nyuso mbili zinazopakana kwenye meshi inayotoa na kunakili, kisha unachagua nyuso mbili zinazolingana nazo kwenye meshi inayopokea na kubandika. Nyuso hizo mbili ndizo zinazoiambia programu pa kuanzia na upande wa kuelekea, na kuanzia hapo inatembea jirani kwa jirani. Kwa mabomba, mipira na maumbo mengine yenye ulinganifu, naiamini zaidi njia hii. Nyongeza hiyo ilikuwa ikija pamoja na Blender kwa miaka mingi. Tangu toleo la 4.2 inasakinishwa kutoka kwenye mkusanyiko wa nyongeza mtandaoni.

Meshi zinafanana umbo tu. Nifanyeje?

Hapa ndipo modifaya ya "Data Transfer" inapohitajika. Modifaya ni badiliko linalowekwa juu ya meshi na linaloweza kuondolewa, na hii imo ndani ya Blender tangu toleo la 2.74 la mwaka 2015. Modifaya huwekwa kwenye meshi inayopokea, na ile inayotoa hutajwa katika kisanduku cha "Source". Washa "Face Corner Data", kisha "UVs". Kama meshi inayopokea haina ramani yoyote, bonyeza "Generate Data Layers", kwani bila tabaka la kuandikia, modifaya haina pa kuweka chochote.

Uamuzi mkubwa ni namna ya kuoanisha. Chaguo la "Topology" linafuata nambari, kwa hiyo linahitaji meshi zenye mpangilio mmoja na halifai hapa. Chaguo za "Nearest Corner" hutafuta kona iliyo karibu na kuichukua thamani yake kama ilivyo. Zinafaa pale meshi inayopokea ni sehemu ya ile ya kwanza iliyokatwa, kwa sababu kona nyingi bado ziko mahali palepale. "Nearest Face Interpolated" hutafuta nukta iliyo karibu zaidi juu ya nyuso za meshi inayotoa na kukokotoa thamani ya UV ya nukta hiyo, kwa hiyo hata kona iliyoangukia katikati ya uso hupata thamani ya katikati. Kwa meshi zenye msongamano tofauti wa nyuso, hiyo ndiyo ninayoanza nayo. "Projected Face Interpolated" hurusha mstari kutoka kwenye meshi inayopokea kwa kufuata mwelekeo wa uso wake mpaka ugonge meshi inayotoa. Husaidia pale tabaka moja limekaa juu ya jingine kwa nafasi kidogo, kama koti juu ya shati.

Ukaribu una hatari zake. Kwapani, katikati ya vidole, na mahali ambapo kitambaa kimekunjika, sehemu iliyo karibu zaidi inaweza kuwa ya upande mwingine kabisa wa mwili. Dawa ni kuzitengeneza meshi zote mbili katika mkao ulio wazi, mikono ikiwa mbali na kiwiliwili na vidole vikiwa vimetawanyika, kisha kuhamisha, na baadaye kurudisha mkao. Chaguo la "Max Distance" huzuia programu kuvuka mbali kutafuta thamani, lakini kona zitakazokosa jirani ndani ya umbali huo zitaachwa bila kitu, kwa hiyo lisitumike kama kinga ya kila mahali.

Kwa nini picha inavutika na kuchanika hasa mahali penye mishono?

Kwa sababu mshono wa meshi inayotoa hupita juu ya ukingo wake, na ukingo huo hauna mwenzake kwenye meshi inayopokea. Fikiria uso mmoja wa meshi inayopokea uliokalia mshono, nusu huku na nusu kule. Kona zake mbili huchukua thamani kutoka kisiwa cha kushoto na nyingine mbili kutoka kisiwa cha kulia. Kwenye ubapa wa UV visiwa hivyo viko mbalimbali, na uso ule unalazimika kujinyoosha kutoka kimoja hadi kingine, ukipita juu ya kila kilicho katikati.

Blender hujaribu kulizuia jambo hili kwa kuhakikisha kona zote za uso mmoja zinachukua kisiwa kimoja, na "Islands Precision" ndicho kidhibiti cha kazi hiyo. Thamani ya 0.1 kwa kawaida inatosha, na kuipandisha juu sana hufanya kazi iwe nzito mno. Hata hivyo, ikifanikiwa, mshono utafuata ngazi za nyuso za meshi inayopokea badala ya mstari laini wa meshi ya kwanza, na hilo litaonekana kwenye picha yenye mistari.

Suluhisho la kweli hufanyika kabla ya kuhamisha. Hakikisha meshi inayopokea ina kingo zinazopita pale mshono unapopita, kwa kukata kwa kisu au kwa kusogeza safu ya kingo iliyo karibu. Ni kazi ya mkono, lakini mara nyingi mishono inayohitaji uangalifu huo ni michache: wa ubavuni, wa begani, wa ndani ya mkono. Ukishahamisha na kuifanya modifaya iwe ya kudumu kwa "Apply", nyuso chache zitakazobaki zimevutika zichaguliwe na kunyooshwa katika kihariri cha UV kwa "Minimize Stretch", au zikunjuliwe upya huku jirani zao zikiwa zimebanwa.

Nimeweka kila kitu, lakini hakuna kilichobadilika. Niangalie nini?

Angalia mwelekeo wa uhamisho. Katika modifaya, mpokeaji ndiye mwenye modifaya, ilhali katika amri za menyu ya "Link/Transfer Data", mtoaji ndiye aliyechaguliwa mwisho. Watu wengi huchanganya hizi mbili na kufuta ramani nzuri kwa ramani tupu, kwa hiyo hifadhi faili kabla ya kuanza.

Kisha angalia kitufe cha "Object Transform". Kikiwa kimewashwa, meshi hulinganishwa zilivyo kwenye mandhari, na gauni mbili zilizowekwa kando kwa kando zitapata matokeo mabaya. Kikiwa kimezimwa, kila meshi hupimwa kutoka kwenye kitovu chake, kwa hiyo zinaweza kukaa mbali, mradi vitovu vyake viwe mahali sawa kimaumbo na ukubwa wake halisi ulingane. Kutumia "Apply" kwa mzunguko na ukubwa kwenye meshi zote mbili kabla ya kuanza huondoa sehemu kubwa ya mashaka haya.

Mwisho, hakikisha tekscha inasoma ramani ileile uliyoiandika. Meshi ya Blender inaweza kuwa na ramani hadi 8, na si ajabu ukakuta umehamisha kwenye moja huku ukitazama nyingine.

Je, mishono nayo huhamia pamoja na ramani?

Haihamii. Alama ya mshono ni data ya ukingo, na ramani ni data ya kona. Baada ya kunakili, tumia "Seams from Islands" kwenye menyu ya "UV" ili mishono iwekwe pale visiwa vinapoachana.

Je, naweza kufanya kazi hii kwa Geometry Nodes?

Unaweza. Geometry Nodes ni mfumo wa Blender wa kubadili meshi kwa kuunganisha nodi, yaani visanduku vya amri. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2023, ramani za UV huhifadhiwa kama sifa za kawaida za vekta ya 2D kwenye kona za nyuso, na hivyo nodi ya "Sample Nearest Surface" inaweza kusoma ramani ya meshi nyingine, na "Store Named Attribute" ikaiandika. Faida ni kwamba utaratibu mmoja unatumika kwa vitu vingi na unabaki hai. Lakini kona zote zinazokutana kwenye kipeo kimoja zina mahali pamoja angani, kwa hiyo zikisoma kwa kufuata mahali zitapata thamani moja, na mshono utaharibika. Ni lazima nukta ya kusomea isogezwe kidogo kuelekea katikati ya uso wake ili kila kona isome upande wake.

Modifaya nyingine ziwe kabla au baada?

"Data Transfer" husoma meshi inayopokea ilivyo pale ilipofikiwa katika mfuatano wa modifaya. Iwekwe kabla ya "Subdivision Surface", modifaya inayogawa nyuso ziwe nyingi na laini, ili ramani igawanywe pamoja na nyuso. Ikiwa baada yake, kona zitakuwa nyingi mara kadhaa, kazi itakuwa nzito, na ramani haitakuwa kwenye meshi ya msingi unayoihariri.

Natengeneza matoleo mepesi ya mfano mmoja kwa ajili ya mchezo. Ninakili?

Kama toleo jepesi linatokana na "Decimate", modifaya inayopunguza nyuso, ramani tayari imekuja nayo kwa kadiri ilivyowezekana, na kunakili tena hakutaleta nafuu kubwa. Kama umelijenga upya kwa mkono, tumia "Nearest Face Interpolated" na ufuate ushauri wa mishono uliotangulia. Kwa matoleo haya usahihi wa mshono ni muhimu kuliko usahihi wa katikati, kwa sababu mchezo hubadilisha toleo moja kwa jingine mbele ya macho ya mchezaji, na picha inayoruka mahali huonekana papo hapo.

Mfano wangu umetoka kwenye faili la glTF na una vipeo vingi kuliko wa awali. Umeharibika?

Haujaharibika. Katika glTF, muundo wa faili wa kusafirishia mifano ya 3D, kila kipeo hubeba thamani moja tu ya UV kwa kila seti, kwa hiyo programu inayotoa faili hulazimika kukigawa kipeo kilicho kwenye mshono. Mchemraba wetu wa msalaba utatoka na vipeo 14 ukiwa na nyuso laini, na 24 ukiwa na nyuso zenye ncha kali. Nyuso zenye pembe nne nazo hugeuka kuwa pembetatu. Wakati wa kuingiza faili katika Blender kuna chaguo la "Merge Vertices" linaloviunganisha tena vipeo vilivyogawanyika, lakini nambari za awali hazitarudi. Kwa mfano wa aina hii panga kutumia njia ya umbo, au rudi kwenye faili la kazi kama lipo. Muundo wa faili wa OBJ haugawi vipeo kwa namna hiyo, kwa kuwa kila uso hutaja nambari ya kipeo na nambari ya UV kila moja peke yake, na ndiyo maana bado ni njia nzuri ya kusafirishia ramani kati ya programu.

Vipi kuhusu Maya, 3ds Max na Houdini?

Katika Maya, amri ni "Transfer Attributes" iliyo kwenye menyu ya "Mesh", na meshi inayotoa huchaguliwa kwanza, kinyume cha Blender. "Sample Space" ikiwekwa "Component" hufuata nambari. Ikiwekwa "World" au "Local" hufuata mahali. Ikiwa mhusika tayari amefungwa kwenye mifupa ya kidijitali inayomsogeza, usihamishe juu ya meshi iliyokwisha kukunjwa na mifupa hiyo, kwa sababu historia ya amri itakaa juu yake na kuifuta kunaweza kuondoa ufungaji mzima. Hamishia kwenye umbo la awali lililofichwa chini yake, lile ambalo jina lake kwa kawaida huishia na "Orig", kisha ufute historia ya umbo hilo peke yake.

Katika 3ds Max, modifaya ya "Unwrap UVW" huhifadhi ramani katika faili la .uvw linaloweza kupakiwa kwenye kitu kingine chenye mpangilio uleule. Katika Houdini, "Attribute Copy" hufuata nambari na "Attribute Transfer" hufuata ukaribu.

Ramani ya nomali niliyoitengeneza kwa meshi ya kwanza itafaa kwa ya pili?

Ramani ya nomali ni picha inayofanya mwanga uanguke juu ya uso kana kwamba una mabonde na vilima vidogo. Kufaa kwake kunategemea mambo mawili. Nomali za kitanjenti husomwa kwa kufuata mwelekeo wa UV juu ya uso, kwa hiyo visiwa vikikaa vilevile, mwanga utaelekea upande sahihi. Lakini ramani hiyo pia hubeba tofauti kati ya umbo zito na umbo jepesi la meshi ile ya kwanza. Nyuzi za kitambaa na vinyweleo vitahamia vizuri. Mikunjo mikubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili mmoja itaonekana ya uongo kwenye mwili mwingine, na hapo hakuna njia ila kuitengeneza upya.

Nitathibitishaje kwamba kazi imefanikiwa?

Tengeneza picha mpya katika kihariri cha picha, chagua aina ya "Color Grid", na uivalishe meshi zote mbili. Miraba yake ina rangi, herufi na nambari, kwa hiyo huonyesha mvutano, mzunguko na kugeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia kwa pamoja. Kisha washa "Display Stretch" katika kihariri cha UV ili maeneo yaliyovutika yajitokeze kwa rangi.

Kwa mavazi, napenda kuongeza jaribio la kanga. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, mji katikati na jina lililoandikwa chini, na kila sehemu hufichua kosa la aina yake. Pindo likipinda, mstari wa kingo haukunyooka. Mji ukihama, ramani imesogea. Jina likisomeka kinyume, uso umegeuzwa, na hakuna msomaji wa Kiswahili atakayelikosa. Zaidi ya hayo, kitambaa chenyewe kinastahili kuonekana sawasawa katika kazi zetu za 3D, maandishi yake yakisomeka na pindo lake likiwa limekamilika.

Ni wakati gani niache kunakili na kukunjua upya?

Kama meshi inayopokea ina sehemu ambazo inayotoa haina, mfano mfuko, kofia ya koti au tabaka la pili la sketi, kunakili kutazipa sehemu hizo vipande vya picha vilivyoibwa kutoka kwa jirani. Nakili zile zinazolingana kwa kutumia kundi la vipeo katika modifaya, na sehemu mpya uzikunjue kwa mkono. Na kama uwiano wa mwili umebadilika sana, kwa mfano gauni la mtu mzima lililofanywa la mtoto, picha itabanwa mahali pamoja na kunyooshwa pengine hata ramani ikihamishwa bila kasoro yoyote. Hapo ramani ya zamani ifae kama kielelezo cha mahali pa kuweka mishono, na ukunjuzi wenyewe ufanywe upya juu ya umbo jipya.